Nyumba inatoka jasho: namna ya kuikausha kwanza, halafu ndo uipashe joto (uzoefu wa Njombe)

Kamwene ndugu zangu. Mwezi wa sita ukishaingia huku kwetu maswali ni yaleyale, nyumba ina baridi nifanyeje, ukutani kunatoka weusi nipake rangi gani, mtoto kifua hakiishi, na majibu nayo ni yaleyale, we ingiza jiko la mkaa ndani funga mlango utasikia raha. Hilo jibu nimeishi nalo miaka mitatu na ni jibu baya kuliko yote, kwa hiyo leo nimekaa niandike taratibu nilichofanya kwenye nyumba yangu na za majirani wawili watatu, tena kwa mpangilio wake, maana mpangilio ndo kila kitu hapa. Unakausha kwanza, joto linafuata. Ukigeuza umeliwa hela.

Nyumba yangu ipo Mji Mwema hapa Njombe mjini, vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo, nje plasta ya simenti, juu bati geji 30, chini sakafu ya simenti. Nyumba ya kawaida kabisa, nusu ya mkoa inaishi hivyo. Tupo mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa mwezi wa saba nyuzi chini ya 10 ni kitu cha kawaida, na ukipanda Makete kule Kitulo unakuta asubuhi majani yamevaa barafu. Walioko Mufindi, Uyole, Lushoto, na wenzetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya, mnajua naongelea nini. Wa Dar pita tu, nyie shida yenu ni nyingine.

Kilichonishtua ni koti. Nilinunua kabati kubwa la mtumba nikalisukuma likabane ukuta wa kusini chumbani, mwaka ukapita, siku nina msiba nikatoa koti la suti, lile la harusi, mgongoni limeota manyoya ya kijani kama parachichi lililooza. Nikavuta kabati. Nyuma yake ukutani kuna weusi umechora kabati lenyewe, mraba kabisa, na bahasha ya vyeti iliyokuwa imeanguka huko nyuma imelowa kama imetolewa kwenye ndoo. Hapo mvua ilikuwa imekatika wiki sita nyuma, bati halivuji. Sasa maji yametoka wapi?

Kabla ya yote, kwa nini ujisumbue

Nyumba yenye unyevu siyo suala la aibu ya rangi tu. Fangasi wa ukutani wanatoa vumbi lao hewani, mwenye pumu anabanwa, watoto wanakohoa usiku kucha. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa nyumba wa 2018 lilisema ndani ya nyumba kwa nchi za baridi kusishuke chini ya nyuzi 18. Huku kwetu nyuzi 18 ndani ya nyumba mwezi wa saba ni ndoto, mi nilipima sebuleni saa kumi na moja alfajiri nikapata 11. Na wenzetu wa New Zealand, nao wana nyumba za mbao zenye baridi na unyevu, walipima hii kitu kisayansi kabisa, walichukua nyumba 1,350 nusu wakaziwekea vizuia baridi mapema, nusu wakasubirishwa, matokeo yakatoka 2007: waliowekewa walipungukiwa na kukorota kifua, siku za watoto kukosa shule zikapungua, na za watu wazima kukosa kazi vilevile. Nyumba ile ile, watu wale wale, dari na sakafu tu ndo vimebadilika. Siku hizi kwao mwenye nyumba ya kupangisha anabanwa na sheria, nyumba iwe na joto na ukavu. Sisi mwenye nyumba anakwambia "kama baridi hamia Mbarali".

Hatua ya 1: Jua maji yako yanatoka wapi

Usinunue chochote kwanza. Usinunue rangi, hasa rangi. Maji yanaingia nyumbani kwa njia tatu, juu (bati au kofia inavuja), chini (msingi unanyonya toka ardhini), na ndani, yaani wewe mwenyewe na familia yako. Kila moja ina sura yake.

La juu linaacha duara la rangi ya chai kwenye silingi au linashuka kama mchirizi, na linaongezeka mvua ikinyesha. La chini linapanda toka sakafuni mpaka magotini au kiunoni halafu linaishia kwenye mstari, na kwenye ule mstari unaona unga mweupe, hiyo ni chumvi ya ardhini, plasta inabonyea ukiigusa inamomonyoka. La ndani linakaa kwenye kona za juu, nyuma ya makabati, pembeni ya madirisha, ni vidoti vyeusi vyeusi, na asubuhi vioo vinatiririka.

Ukishindwa kutofautisha fanya hivi, ni jaribio la bure. Chukua kipande cha nailoni, mfuko wa plastiki uliopasuliwa unatosha, ukubwa kama kurasa mbili za daftari, futa ukuta vizuri kwa kitambaa kikavu, bandika nailoni ukutani kwa seloteipu pande zote nne pasiwe na upenyo, acha siku mbili. Kisha angalia. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, hayo ni ya hewa, mvuke umekutana na ubaridi. Mi nilibandika tatu: chini ukuta wa kusini yakatoka ndani, nyuma ya kabati yakatoka nje, ukuta wa kaskazini hakukuwa na kitu. Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili siyo moja, na nilikuwa natibu moja tu kwa rangi.

Hapo kwenye kusini na kaskazini kuna siri ambayo hata mafundi wengi hawasemi. Sisi tupo kusini mwa ikweta, katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mwezi wa tano, sita, saba ukuta wako wa kusini hauoni jua hata dakika moja. Ndo ukuta wa baridi na ndo unaoota fangasi. Kama una mtoto mchanga au mzee mwenye kifua, mhamishie chumba cha kaskazini leo hii, hakuna gharama. Mi nilimhamisha mama mkwe, akaninunia siku mbili ati namtupa karibu na jikoni, wiki ya pili akasema mwenyewe magoti yamepungua kuuma.

Hatua ya 2: Maji ya mvua yaende mbali

Hapa ndo kwenye faida kubwa kwa hela ndogo, na ndo watu wanapuuza. Fanya hesabu: milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 ikipigwa mvua ya milimita 30 jioni moja, hizo ni lita 3,000, na kama huna gata zote zinadondoka sentimita chache toka kwenye ukuta wako, zinaruka zinachapa plasta, zinazama kwenye msingi. Fanya hivyo toka Novemba mpaka Aprili. Halafu mtu anashangaa ukuta una chumvi.

Funga gata pande zote mbili. Za plastiki nzuri, ila huku fundi bati anakukunjia za bati laini kwa bei rahisi, muhimu ziwe na mteremko kuelekea kwenye bomba la kushukia na zifagiliwe majani mwezi wa kumi, hasa kama una misonobari jirani, zile sindano zinaziba haraka sana. Bomba la kushukia lisimwage chini ya ukuta, lipeleke kwenye simtanki au mfereji.

Halafu chukua jembe uzunguke nyumba. Nyumba nyingi za zamani udongo wa nje umepanda, miaka kumi ya kufagia na kupanda maua na kumwaga majivu, mpaka udongo umezidi usawa wa sakafu ya ndani. Udongo uliopanda unaupelekea ukuta maji moja kwa moja. Ng'oa maua yaliyobana ukuta, hamisha mgomba, shusha udongo mpaka uwe chini ya sakafu angalau sentimita 15, weka mteremko wa kutoka nyumbani kwenda nje, kila mita moja ishuke sentimita 5. Ukipata hela mwaga zege jembamba la upana wa mita moja kuzunguka nyumba. Na maji ya bafuni, jamani, lile bomba linalotoka bafuni kumwaga nyuma ya nyumba. Weka shimo, usikae na bwawa nyuma ya chumba cha kulala.

Mi hatua hii pekee, gata na jembe, ilishusha ule mstari wa chumvi kwa msimu mmoja toka kiunoni mpaka chini ya goti.

Hatua ya 3: Ukuta unaonyonya

Tofali la kuchoma linakunywa maji kama mkate kwenye chai. Ndo maana kwenye msingi, kabla ya kupandisha ukuta, panatakiwa ile nailoni nzito mafundi wanaita DPC, inakata njia ya maji. Kama unajenga sasa hivi, simama hapo fundi akiwa anaiweka, usiende kunywa soda. Ni kitu cha bei ndogo sana, kinaruka kwa sababu kinafunikwa na hakuna atakayekiona. Kwangu hakikuwekwa, niliyemlipa aliniambia kimewekwa, nilikuja kujua baada ya kuchimbua.

Kama nyumba imeshasimama bila hiyo, usifanye nilichofanya mwaka wa kwanza, nilipaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ati izibe unyevu. Ikatoka malengelenge baada ya miezi miwili. Fundi wa pili, mzee mmoja wa kazi, akaja akaangalia akagonga gonga na kidole akasema, "Bosi, hapa umempiga pasi mtu aliyelowa." Maji yakishaingia kwenye ukuta lazima yatokee mahali, ukiziba ndani yatapanda juu zaidi yatafute upenyo, kwa hiyo ulichofanya ni kuusogeza ugonjwa toka magotini mpaka mabegani.

Alichonifanyisha ni hiki. Tulibandua plasta ya simenti ya ndani sehemu mbovu, kwenda juu sentimita 30 kupita pale unyevu unapoishia. Tukapiga brashi kavu kuondoa chumvi, kavu nasema, ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Tukauacha ukuta uchi mwezi wa nane, wa tisa mpaka katikati ya wa kumi, madirisha wazi mchana, upepo wa kiangazi unakausha kuliko mashine yoyote. Halafu tukapiga plasta ya chokaa na mchanga, siyo simenti, na juu tukapaka chokaa ya kawaida. Chokaa inapumua, unyevu kidogo ukija unatoka bila kubandua kitu. Haing'ai, wageni watauliza kwa nini hujamalizia nyumba, waache waulize.

Muda ni muhimu. Kazi ya ukuta ifanywe kati ya Agosti na Oktoba. Ukianza Desemba unachezea hela.

Na kama nyumba ni mpya kabisa, usihamie plasta bado ina rangi ya udongo mbichi. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 unachanganywa na maji kama lita 25, nyumba iliyokula mifuko 100 imemwagiwa lita 2,500 bado hujahesabu za kumwagilia. Sehemu yake inabaki kwenye simenti yenyewe, iliyobaki inatakiwa itoke, na itatoka kupitia kwenye magodoro yako kama umehamia mapema.

Hatua ya 4: Maji mnayoyatengeneza wenyewe

Hii wengi hawaamini. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kukausha nguo ndani, inatoa mvuke wa lita kama 10 kwa siku. Ndoo ya lita 10, kila siku, ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya nyuzi 20 inabeba gramu 17 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo, ikipoa mpaka nyuzi 10 inabeba kama 9 tu, zilizobaki lazima zishuke mahali, na zinashuka penye ubaridi zaidi: kioo, kona, nyuma ya kabati la mtumba.

Gesi ya kupikia nayo usiisahau, watu wanadhani moto unakausha. Kilo moja ya gesi ikiungua inazaa kilo moja na nusu na kitu ya maji, mtungi wa kilo 6 mpaka uishe umemwaga zaidi ya lita 9 za mvuke jikoni kwako. Ndo maana wanaopasha sebule kwa jiko la gesi kuta zinalia.

Kwa hiyo: funika sufuria. Maharage yakichemka masaa matatu funga mlango wa jikoni, fungua dirisha la jikoni. Nguo usianike ndani, kama ni lazima basi chumba kimoja tu dirisha wazi mlango umefungwa. Asubuhi ukiamka fungua madirisha mawili yanayotazamana, dakika kumi, kisha funga, jioni tena kabla ubaridi haujashuka. Mama watoto alinipinga sana hapa, "unafungua dirisha na baridi hii, umechanganyikiwa?" Lakini dakika kumi zinatoa hewa yenye maji, ukuta haupoi kwa dakika kumi, na hewa kavu inapata joto haraka kuliko hewa nzito. Kinachopoza nyumba ni dirisha lililoachwa nusu wazi mchana kutwa.

Kabati na vitanda visogeze toka ukutani, kiganja kizima kipite, na visikae ukuta wa kusini kama una pa kuvipeleka. Godoro usiliweke chini sakafuni, linanyonya jasho lako toka juu na ubaridi toka chini, ukiligeuza utakuta madoa meusi. Likiwa na chaga linapumua. Jua likitoka anika mablanketi na magodoro nje, bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo bila kusoma popote.

Hatua ya 5: Kuua fangasi waliokwishaota

Fupi tu. Funga kitambaa puani, glavu mkononi, fungua dirisha, watoto nje. Usifagie weusi ukiwa mkavu, utaurusha chumba kizima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, futa, halafu siki nyeupe, acha saa moja, futa tena, acha pakauke. Kwenye vigae na plastiki Jik inafaa. USICHANGANYE Jik na siki wala na dawa nyingine ya choo, inatoka gesi ya kuua mapafu, sijatania. Kama hujafanya hatua ya 2 mpaka ya 4 watarudi baada ya wiki tatu.

Hatua ya 6: Juu, hapo ndo joto linapokimbilia

Sasa ndo tunaanza kuongelea joto. Joto linapanda, na bati tupu halizuii kitu, usiku wa baridi bati linakuwa na ubaridi kuliko hewa yenyewe. Kabla sijapiga silingi niliamka saa kumi usiku nikamulika tochi juu, upande wa chini wa bati umejaa matone yamejipanga kwenye misumari, lingine linadondoka kwenye neti. Na hakuna mvua. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe.

Kwa hiyo piga silingi. Jipsamu inapendeza lakini kwenye nyumba ambayo bado ina unyevu inalegea na kudondoka, ndo maana nasema kausha kwanza. Sisi wa Njombe na Mafinga tuna mbao, zile za kuchomekana ni nzuri sana, hakikisha zimekauka vizuri la sivyo zikikauka juu zitaacha nyufa. Kama huna hela ya nyumba nzima anza na chumba cha watoto, halafu chako, sebule iwe ya mwisho. Najua tunapenda sebule ipendeze, lakini unalala masaa nane chumbani, sebuleni unaangalia tamthilia tu.

Juu ya silingi weka kitu cha kushika joto. Sufi ya kioo au ya mawe ndo bora na haiungui, inapatikana miji mikubwa, bei inauma. Mi nilitumia maranda ya kiwandani, makavu kabisa, nikachanganya na chokaa kwa ajili ya wadudu, unene wa sentimita 10. Inafanya kazi, tena vizuri. Ila niseme wazi: maranda yanaungua, chokaa haizuii hilo. Nyaya zote za umeme juu huko lazima ziwe ndani ya mabomba yake na fundi umeme azikague kwanza, na karibu na bomba la moshi usiweke kabisa. Kama nyaya zako ni zile za kuunga unga na seloteipu, acha maranda, vumilia na silingi peke yake.

Upenyo kati ya silingi na bati uache upumue, weka wavu pembeni panya na popo wasiingie. Ukiziba kote unyevu unabaki juu unaozesha kenchi. Unaezeka upya? Weka karatasi ya foili chini ya bati na chukua geji 28, ni nene kuliko 30, namba ikipungua bati linaongezeka unene, wauzaji wengine wanakugeuzia makusudi.

Hatua ya 7: Mianya na vitambaa

Subiri usiku wa upepo (watu wa Makambako nyie kila usiku), washa mshumaa upitishe taratibu pembeni ya milango na madirisha, moto ukiinama hapo pana mwanya. Chini ya mlango shona mfuko mrefu wa kitenge ujaze mchanga au pumba, unauegesha usiku. Pembeni ya fremu ziba. Madirisha ya vioo vya kulala yanayofunguka kama ngazi hayazibiki hata ufanyeje, kwa muda bandika nailoni safi kwa ndani msimu wa baridi kwenye yale usiyoyahitaji. Pazia zito, lifike chini, lifungwe kabla jua halijazama maana ukisubiri saa mbili joto la mchana limeshaondoka. Sakafu ya simenti weka mkeka halafu zulia juu, lakini zulia lisifike mpaka kwenye kona zenye unyevu.

Yale matundu ya hewa juu ya madirisha usiyazibe. Kuna watu wanayajaza magazeti. Hatua inayofuata inaeleza kwa nini.

Hatua ya 8: Moto wenyewe

Jiko la mkaa halilali ndani. Hata kidogo, hata "limeshakolea halina moshi". Ule moshi unaouona siyo ndo unaoua, kinachoua ni kabonimonoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inabeba sumu inaacha hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi mzito, unadhani umechoka kumbe unakufa. Mkaa unaokaribia kuzima, ule mwekundu wenye majivu, bado unaitoa. Ndo maana nimesema yale matundu ya hewa usiyazibe, ingawa hata yakiwa wazi jiko la mkaa halilali ndani. Ukikuta watu wamelala wanagoma kuamka na jiko lipo ndani, fungua milango, watoe nje kwanza, ndipo mengine yafuate, na hospitali waende hata wakiamka.

Kama una uwezo jenga jiko la ukutani lenye dohani, mafundi wazuri wapo huku tangu enzi za wamisionari. Dohani ipite juu ya kilele cha paa angalau sentimita 60, ikiwa fupi upepo utakurudishia moshi sebuleni. Kuni ziwe kavu, zipasuliwe mwezi wa tano wa mwaka uliopita siyo wiki iliyopita, miwati inashika moto vizuri sana, mabanzi ya msonobari yanawaka haraka ila yana utomvu, yanajenga masizi kwenye dohani, ikwanguliwe kila mwaka la sivyo siku moja inawaka yenyewe.

Hita ya umeme ni salama kwa hewa ila piga hesabu: ya wati 2,000 ikiwaka masaa matano ni uniti 10. Siku nane umeshapita uniti 75 za mwezi mzima za wale wa bei ya chini ya Tanesco. Itumie nusu saa kabla ya kulala, kwenye chumba chenye silingi, chomeka kwenye soketi nzuri moja kwa moja, siyo kwenye ile ekisitensheni ya kuchajia simu. Au fanya tunavyofanya sisi siku hizi: chemsha maji, jaza ile chupa ya mpira, ifunge kwenye fulana kuukuu, ingiza kitandani dakika kumi kabla. Kwenye chumba kilichokauka inatosha, nakuapia. Kile chumba cha zamani hata majiko mawili hayakutosha, maana ukuta uliolowa unapitisha joto nje haraka kuliko mkavu, na joto lingine lote linaliwa na kukausha maji.

Kama hela ni kidogo

Wiki hii, bila hela: kabati lisogee, madirisha dakika kumi, sufuria zifunikwe, mtoto aende kaskazini, jiko litoke nje. Kwa hela ya wikiendi moja: jembe, mfuko wa mchanga mlangoni, pazia. Mwezi wa nane mpaka wa kumi: gata, plasta ya chokaa, mfereji. Mwakani silingi, chumba kimoja kimoja.

Mi mwenyewe sijamaliza. Msimu huu nimepima sebuleni alfajiri nikapata 15, bado siyo 18. Kona ya kusini magharibi chini bado inaonyesha unyevu kidogo mvua zikikolea, nimegundua pale ukingo wa paa ni mfupi na mvua ya upepo inachapa ukuta, mwezi wa tisa nitaongeza bati mita moja pale na kuweka nguzo mbili. Nimeshanunua mbao, zipo nyuma ya nyumba zinakauka.